Kabla hamjapiga makofi: namna ya kupanga mambo ya tabianchi kijijini bila kumbebesha mzigo asiye na kitu

Niliwahi kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji ambao hadi leo nikiukumbuka naona aibu. Kijiji kiko Mufindi, jina lake silitaji. Ajenda ilikuwa kulinda chanzo cha maji: watu watoke ndani ya mita 60 kutoka kijitoni, miti ya asili ipandwe, bondeni pasilimwe tena. Mikono ikanyooshwa, makofi yakapigwa, nami nikaandika "wajumbe wote wameridhia".

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Mama mmoja akanisalimia, kamwene, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, hizo mita zenu sitini zinaanzia wapi?" Tukashuka naye bondeni. Kinyungu chake chote, kutoka majini hadi mwisho, kilikuwa hatua arobaini. Hakikubaki hata tuta moja. Ng'ambo ya kijito ilisimama milingoti, yaani mikaratusi, ya mfanyabiashara mmoja, imejipanga hadi ukingoni. Mkutanoni hakuna aliyeitaja, kwa kuwa ni miti, na siku hiyo sote tulikuwa upande wa miti.

Kwa asiyetoka Iringa wala Njombe: vinyungu ni bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, wakati mashamba ya juu yamekauka. Humo hutoka mahindi mabichi, maharage na mboga za miezi ambayo ghala limebaki vumbi, na mikono inayovilima mara nyingi ni ya wanawake. Mpango wetu wa kutunza mazingira ulikuwa umemtoa mama huyu kwenye chakula chake na kumwacha tajiri na mbao zake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyepima, basi.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya mtendaji, mwenyekiti, mjumbe wa kamati ya maliasili, afisa maendeleo ya jamii, au kijana wa asasi aliyetumwa "kuwezesha" mpango wa tabianchi huku Nyanda za Juu Kusini. Mengi nimeyajua baada ya kukosea.

Hatua ya 1: Shuka bondeni na kamba kabla ya kuitisha mkutano

Tafuta kamba ya mita 30, ifunge fundo kila mita kumi. Chukua watu wanne au watano: mzee anayekumbuka kijito kilipokuwa kikipita zamani, mama anayelima bondeni, kijana wa bodaboda anayezijua njia zote, mwenye miti, na mfugaji kama yupo. Mtendaji aje pia, lakini asitangulie mbele.

Pima kutoka ukingo wa maji. Kila shamba mnalolikuta ndani ya mita 60 liandikeni: linalimwa na nani, lina nini, ukubwa wake, na swali ambalo watu hulisahau, yaani kama mlimaji ana shamba jingine mahali pengine. Mtu mwenye ekari tano mlimani na kinyungu bondeni anapoteza mboga. Mtu mwenye kinyungu peke yake anapoteza mwaka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo iliyoweka hizo mita 60, na kijiji hakiwezi kuzipunguza. Ila isomeni wenyewe, msiitegemee ile inayotajwa kwa sauti kubwa majukwaani. Inazungumzia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Haikutenga kundi moja la watu. Milingoti iliyopandwa kwenye chemchemi na kunywa maji mchana na usiku ni shughuli ya kibinadamu sawasawa na tuta la maharage, na mara nyingi ina madhara makubwa zaidi kwa kijito. Kijiji kinachoanza na matuta na kuiacha milingoti kimechagua nani aumie kwanza, hata kama hakikusema hivyo. Mliowakuta na miti ukingoni nao waingie kwenye orodha ileile, ukurasa uleule.

Matembezi haya huchukua siku mbili. Atakayekwambia hakuna muda, mkumbushe kwamba kijito hakihami.

Hatua ya 2: Hesabu mioto ya kijiji

Ukisimama mbele ya watu na kuanza na "hewa ukaa" na "gesijoto", nusu watalala na nusu watasubiri posho. Anza na moto. Kila kijiji kinajua mioto yake: mafiga ya jikoni, tanuri la mkaa, tanuri la matofali, mashine ya kusaga ya dizeli, bodaboda, moto wa kusafishia mashamba unaoponyoka na kupanda mlimani. Rungwe na Mufindi ongeza boila za viwanda vya chai zinazokula magogo, Chunya ongeza mabani ya kukaushia tumbaku.

Kila moto uulizie mambo mawili: unateketeza kiasi gani, na nani anaota joto lake. Nina maana ya faida. Hapo ndipo watu huamka. Mara nyingi mtagundua kuwa mafiga ya mjane, ambayo kila semina inayalaumu, yanamaliza fito na matawi makavu aliyookota, huku tanuri moja la matofali ya nyumba ya mtu mwenye uwezo likimeza miti mizima kwa siku chache. Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo kama tusingefanya lolote. Ahadi hiyo ni ya nchi nzima. Hakuna palipoandikwa kwamba ianzie kwenye mafiga ya mjane.

Kuna jambo la kwetu ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hawalioni hadi walale hapa usiku mmoja wa Julai: baridi. Makete, Njombe, Mufindi na mitelemko ya Uporoto, moto wa jikoni haupiki tu. Unapasha nyumba, unakausha nguo za shule, unakausha mahindi darini, na wazee wanauzunguka hadi usiku. Asubuhi kuna sakitu nje. Ukileta jiko la gesi na kusema "achaneni na kuni", umejibu nusu ya swali. Nimeona nyumba yenye mtungi mpya uliofunikwa kitambaa cha kudarizi sebuleni, na jikoni moto wa kuni uleule, bibi ameketi pembeni. Wataalamu waliandika "wamekataa teknolojia". Hawakukataa kitu, walikuwa wanasikia baridi.

Kwa hiyo katika orodha yenu tenganisheni moto wa kupika na moto wa kuota. Jiko banifu la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje huweza kutoa joto bila kuwapofusha watu, na linatumia kuni chache kuliko mafiga. Bayogesi ni nzuri kwa mwenye ng'ombe wa ndani, wa zizini, lakini mwenye ng'ombe wa ndani ndiye tayari mwenye nafuu, na baridi kali hupunguza gesi inayotoka kwenye samadi. Yaandikeni hayo yote kabla ya kuchagua.

Hatua ya 3: Fungua daftari la safu tano

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nyingine zote ni za kuitengenezea njia au kuilinda.

Chukua daftari kubwa la kaunta. Kila pendekezo la mpango liwe na mstari wake, na kila mstari safu tano: nani anaacha nini, anaacha lini, anapata nini badala yake na kwa tarehe gani, nani analipia, nani hatukumsikia. Safu ya tatu ikiwa tupu, pendekezo halijaiva. Lirudisheni jikoni.

Mfano wa bondeni. Pendekezo: kuondoka kwenye mita 60. Anayeacha: kaya kadhaa zenye vinyungu, na wenye milingoti wawili. Badala yake: mtu atasema, kama kawaida, "wapewe miche ya parachichi". Vizuri, soko la parachichi aina ya Hass lipo. Lakini mche wa parachichi hautoi tunda la maana kabla ya takribani miaka mitatu, na unataka ardhi ambayo mama wa kinyungu hana. Hapo safu ya pili na ya tatu zinagombana: anaacha Juni hii, anavuna miaka mitatu mbele. Katikati atakula nini? Mkiliona pengo hilo kwenye karatasi mtaanza kufikiri: pengine kuhama kwa awamu, mita 20 za kwanza mwaka huu baada ya mavuno, pengine kijiji kina ardhi ya akiba ambayo wenye kinyungu peke yake wangepewa kwanza, pengine upandaji wa miti ya chanzo ufanywe kwa malipo na wao ndio waitwe kwanza. Kama kijiji kina walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kazi za ajira ya muda zinaweza kuelekezwa huko. Na mwenye milingoti? Yeye anaweza kuvuna na kuuza alichopanda, halafu asipande tena. Anaondoka na fedha mkononi. Ndiyo maana yeye anaweza kutangulia.

Mfano mwingine ni jiko la shule. Agizo la serikali la kuacha kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku limeshafika kila mahali, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Shule ikibadili jiko, kuni ambazo watoto walikuwa wakibeba Ijumaa zinageuka kuwa mchango wa fedha. Ukitozwa kwa kichwa, mama mwenye watoto wanne analipa mara nne, na hao wanne pengine ni wajukuu waliobaki yatima. Ukitozwa kwa kaya, mwenye mtoto mmoja atalalamika. Lalamiko la pili ni dogo kuliko la kwanza, kwa maoni yangu, ila liamueni mkutanoni, lisiamuliwe na mwalimu mkuu peke yake akiwa na deni la mitungi.

Na wachoma mkaa nao wana mstari wao. Vijana wanaopeleka magunia Mbalizi na Mwanjelwa, huko Mbeya, kwa pikipiki wanaitwa waharibifu kwenye kila hotuba, lakini muulize mmoja alianzaje: mbolea ilipanda, viazi vikaoza, akauza shamba. Mkifunga msitu bila kuandika chochote kwenye safu yake ya tatu, mtamkuta usiku.

Hatua ya 4: Wafuate walipo

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Hiyo ni sheria. Kwenye benchi mambo ni mengine: mbele wazee, katikati wanaume, wanawake nyuma karibu na mlango na watoto mgongoni, vijana nje wameegemea pikipiki. Anayesema ni yuleyule aliyesema mwaka jana.

Kwa hiyo kabla ya mkutano pita na daftari lako kwenye mashine ya kusaga, kisimani, kijiweni kwa bodaboda, mnadani, kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, mapema kabla mianzi haijafanya kazi yake. Vibarua wa chai na wa mashamba ya miti wafuate jioni wanakolala, maana mchana wako kazini na wengi si wazaliwa wa hapo, hivyo hakuna balozi anayewakumbuka. Mbarali na Usangu wafugaji waende kwao, ukiwa na mtu anayezungumza lugha yao. Wanaokodi mashamba waulize peke yao bila mwenye shamba kusimama pembeni. Mtu mwenye ulemavu ambaye hawezi kupanda hadi ofisini mtembelee nyumbani. Akina mama wakae peke yao, na anayewauliza awe mwanamke.

Usipeleke maswali ya karatasi. Sema mstari mmoja wa daftari, nyamaza. Kwetu huku mtu hakatai usoni mwa mgeni, atasema "haya, tumesikia". Hilo si ndiyo. Ukisikia "tumesikia" mara tatu mahali pamoja, ujue kuna jambo.

Hatua ya 5: Siku ya mkutano

Saa nne asubuhi, si mchana. Usiwe wakati wa kupanda wala siku ya gulio. Soma daftari mstari kwa mstari na uanze na mistari yenye wenye hasara, kabla ya ile ya miche na picha. Hesabu mikono, wanawake na wanaume tofauti, uandike namba. Neno "wote wameridhia" lifutwe kabisa kwenye msamiati wa mihtasari yenu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na wanawake hawapungui robo. Hakikisha wale wanawake wamesema, siyo kuhudhuria tu. Mwisho soma muhtasari kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Watakusahihisha. Mimi nilisahihishwa jina la kijito.

Hatua ya 6: Ingiza kwenye bajeti mapema, au usahau

Mpango usio na kifungu cha fedha ni wimbo wa kwaya. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, lakini ukisubiri Mei umechelewa. Vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, vikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo vikafika halmashauri. Nakushauri daftari liwe limekamilika kufikia Oktoba. Diwani apewe nakala iliyoandikwa vizuri, na apewe hoja moja au mbili za kushikilia, siyo kumi na nane.

Vyanzo viko vichache na vyote vina masharti. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kutengeneza majiko banifu au kitalu cha miche ya asili kinaweza kuomba huko, na wale waliohamishwa bondeni wakisaidiwa kuunda kikundi mapema hawatabaki watazamaji. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Hapo kuwa makini, maana tatizo la gesi vijijini si mtungi wa kwanza, ni wa pili. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, leo la mia tano, kesho la elfu. Gesi huijazi kwa kopo. Mwenye kibarua cha siku hawezi kukusanya hela ya mtungi mzima kwa mara moja, na muuzaji yuko Mafinga au Makambako, nauli juu. Kama mpango wenu unasema "kaya zitahamia kwenye gesi", andikeni wakala atakaa wapi, na kikundi cha kuweka na kukopa kitawalipiaje watu kwa awamu. Vinginevyo mitungi itafunikwa vitambaa.

Umeme nao vivyo hivyo. Kuunganishwa kijijini kwa shilingi 27,000 ni nafuu kubwa, ila nguzo inapita barabarani na nyumba za makuti na nyasi ziko mbali na barabara. Chora kwenye ramani ya kijiji nani yuko nje ya nguzo. Wenye maporomoko wana njia nyingine pia: kule Ludewa, watumiaji wa umeme wa LUMAMA, jina lililounganishwa kutoka Lupande, Madunda na Mawengi, wana jumuiya yao inayoendesha umeme wa maji. Nendeni mkawaulize walivyopanga bei, kabla ya kusaini na mtu yeyote.

Hatua ya 7: Wakija watu wa kaboni

Watakuja, kama bado. Gari jeupe, chai na maandazi, karatasi nyingi. Biashara ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa kutunza msitu unaohifadhi hewa ukaa, si utapeli kwa asili yake: Wilaya ya Tanganyika kule Katavi ina vijiji vinane vinavyopata mapato kwa kutunza msitu, na fedha zimejenga vitu vinavyoonekana kwa macho. Lakini huku kwetu tumeshauza ardhi nyingi kwa bei ya kutupa kwa wapandaji wa miti wa mjini, na watoto wetu sasa wanapalilia kwa posho kwenye mashamba ya babu zao. Tuwe wagumu kidogo.

Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Muulize mgeni kama amejisajili, na atoe barua. Kisha mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya Mkutano Mkuu, si mbele ya wajumbe watano ofisini. Sikilizeni haya: ni wa miaka mingapi, kwa sababu mkataba wa miaka 30 unasainiwa na babu na kuvunjwa na mjukuu, mgawo wa kijiji unakatwa kwenye mauzo yote au baada ya kutoa "gharama", maana gharama hujua kunenepa, ni shughuli zipi zinakatazwa msituni, na kama kuni kavu, uyoga, asali na dawa za asili bado ni halali, moto ukiteketeza msitu nani anabeba hasara, na mkitaka kutoka mnatokaje.

Fedha zikija, darasa na zahanati ni vyema. Ila msisahau kwamba zahanati inawanufaisha wote sawa, wakati aliyefungiwa msitu hakuwa sawa na wote. Mwenye mizinga na mama wa kuni wametoa zaidi. Wekeni fungu lao kwanza, hata liwe dogo, kwenye daftari lilelile.

Hatua ya 8: Faini zenye macho

Sheria ndogo hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, hupitishwa na Mkutano Mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kosa la kawaida ni faini moja kwa wote: "atakayekutwa na mazao ya msitu atalipa shilingi 50,000". Kwa mwenye Fuso la mkaa hizo ni gharama za barabarani, kama dizeli. Kwa mwenye mzigo wa kuni kichwani ni mbuzi. Pangeni kwa ukubwa wa mzigo na chombo kilichoubeba, na kosa la kwanza la mtu wa kichwani liwe onyo au siku moja ya kazi kitaluni. Andikeni pia fedha ya faini inakwenda wapi na nani anatoa risiti. Mgambo anayelipwa kutokana na faini atakamata wale wasio na mbio.

Hatua ya 9: Uliza maji yanakwenda wapi

Mpango wa kijiji hauishii kwenye mpaka wa kijiji. Vijito vya Uporoto na Kipengere vinashuka Usangu, vinaingia mashamba ya mpunga ya Mbarali, vinapita ardhioevu ya Ihefu, kisha kwa jina la Ruaha Mkuu vinakwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu kwa jina la kuuokoa. Mto ukaendelea kukauka miaka mingi baadaye. Wakulima wa mpunga, wakubwa na wadogo, walikuwa bado wanachepusha maji juu. Sisemi ng'ombe hawaharibu ardhioevu, wanaharibu. Nasema kundi lililokuwa na sauti ndogo ndilo lililolipa kwanza, na bili haikuisha.

Kabla ya kumlaumu mtu, pimeni. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, na kuna jumuiya za watumia maji kwenye mabonde mengi. Waalikeni wa juu na wa chini wakae pamoja angalau mara moja kabla ya kiangazi, na waje na vibali vyao vya maji mkononi. Utashangaa nani hana.

Wa mjini nanyi mna lenu, kwa kifupi. Mbeya mnaishi kwenye miteremko. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilishuka na kufunika nyumba Itezi. Mtaa ukiorodhesha watu wa kuhamishwa au kusaidiwa, msianze na hati za viwanja. Anzeni na vitanda: nani alilala hapa jana? Mpangaji wa chumba kimoja na mama ntilie wa kibandani hawana hati, na vitu vyao vilivyozama ni vyote walivyonavyo.

Hatua ya 10: Bandika, kisha rudi

Nakala ya daftari ibandikwe ubaoni, kwa herufi kubwa, na nyingine iachwe dukani au kanisani na msikitini, maana ubao wa ofisi husomwa na mbuzi. Ukinyimwa mpango au taarifa ya mapato na matumizi, omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kukujibu. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukuomba.

Mkutano Mkuu unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Kila mara, safu ya tatu isomwe tena: tuliahidi nini, kimefika? Kisipofika, tarehe ya safu ya pili isogezwe, yaani hakuna anayetolewa bondeni kabla ya kile alichoahidiwa kufika. Jambo hili liandikwe tangu mwanzo kama kipengele cha mpango, kwa sababu mtendaji akihamishwa, na huhamishwa, anayekuja hatajua mlikubaliana nini kwa mdomo.

Kule Mufindi tulirudi kufanya upya. Tulishuka na kamba, milingoti ya ukingoni ikaingia kwenye orodha, kuhama kukawa kwa awamu mbili. Mama yule alikuja mkutanoni akakaa mbele. Nilipomaliza kusoma muhtasari akanyoosha mkono na kusema nimekosea: kinyungu chake si hatua arobaini, ni thelathini na nane, zile mbili nilizipima mimi kwa miguu yangu mifupi. Nikakata, nikaandika thelathini na nane, nikasaini pembeni.